Pipa la Fundo Moja

Siku hizi mtaa ule unachelewa kuamka. Kwa miaka kumi na moja uliamshwa na mchi uliotwanga nyuma ya nyumba ya Mama Maganda, du, du, du, kwa mwendo usiobadilika, mpaka watu wakaacha kuusikia na bado wakaamka nao. Sasa mchi hautwangi. Mwenye duka la kona amenunua saa ya mlio na analalamika kwamba inamkoroga kichwa. Mama mmoja mwenye watoto wa shule amefika getini mara mbili akakuta kengele imeshalia. Hakuna anayesema waziwazi kwamba anaukumbuka mchi, maana wengi wao ndio waliokuwa wakiulaani. Kimya kimekaa tu uani pale, katikati ya mapipa sita matupu. Anayekisikia kuliko wote ni mdogo wake Mama Maganda, fundi mwashi ambaye mtaa mzima unamwita Timazi, kwa sababu dirisha la chumba chake cha kulala linafungukia ua wa dada yake.

Timazi ni kitinda mimba, dada yake ni kifungua mimba. Kati yao walikuwapo watatu wengine ambao sasa ni picha sebuleni. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamfuta makamasi, na alipotaka kuacha kujifunza uashi kwa baba yao, kwa sababu aliona haya kupita mbele ya wenzake akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, dada ndiye aliyemshika sikio akamrudisha. Jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, alilipata ukubwani, kwa ugonjwa wake wa kukagua kona. Haingii nyumba ya mtu asifumbe jicho moja kuangalia kama ukuta umesimama sawasawa. Siku mpwa wake alipoolewa, aliinama mbele ya wageni akachungulia meza ya maharusi, akatangaza kwamba imelalia kushoto. Dada yake alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mjomba mtu, umekuja kula au umekuja kupima?"

Dada huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kila Jumapili wanafunzi walikula mayai, na kila Jumapili alitupa shimoni ndoo mbili za maganda. Mwaka mmoja shule ilichoma matofali ya kujengea bweni jipya, na msaidizi mmoja wa jikoni, kwa uvivu wa kufika shimoni, akamwaga ndoo yake kwenye mdomo wa tanuri. Tanuri lilipofunguliwa maganda yalikuwa bado na umbo la maganda, lakini meupe kama pamba na mepesi kama hakuna kitu. Dada aliokota moja. Likamponyoka, likaanguka kwenye dimbwi, na maji yakachemka. Yalichemka kabisa, yakatoa mvuke, na mpishi aliyekuwa amechemsha maji maisha yake yote akasimama kuyatazama maji yanayochemka bila moto.

Alijua anachokiona. Baba yao alikuwa mwashi wa enzi ambazo saruji ilikuwa anasa. Alichoma mawe ya chokaa, akayazima kwa maji kwenye shimo, na kwa chokaa hiyo akapiga lipu nyumba ambazo bado zimesimama. Jioni ile dada alikwenda kwa mdogo wake na ganda moja jeupe ndani ya kopo.

"Ganda la yai ni jiwe la chokaa," alimwambia. "Tofauti ni kwamba jiwe hili linatagwa."

Tangu hapo hakutupa ganda tena. Alipita kwenye mikahawa na viwanda vya mikate akiomba maganda. Aliyaosha, akayaanika juu ya bati, akayatwanga ili mengi yaenee kwenye chungu kimoja. Kisha aliwabembeleza wachoma matofali wamwekee vyungu vyake katikati kabisa ya tanuri, mahali ambapo moto haufanyi mchezo. Kilichotoka alikizima kwa maji, akakichuja kwa kitambaa, akakilaza ndani ya pipa chini ya maji. Kwenye mashine za kukoboa mpunga alichukua pumba, akazichoma, akabaki na majivu. Chokaa ile, majivu yale, na mchanga, basi. Lipu iliyotoka hapo ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na chumba kilichopigwa lipu hiyo hakikutoa jasho hata mvua ziwe za wiki mbili.

Waashi wenzake Timazi walipata cha kusema.

"Timazi, nikilamba huo ukuta nitashiba?"

"Utashiba, ila uje na chumvi yako."

"Na kuku wa dada yako siku hizi wanataga matofali?"

"Wanataga nyumba nzima nzima. Wewe ndiye bado umepanga."

Jambo moja ambalo dada hakulifanyia mzaha ni muda. Chokaa iliyozimwa, alisema, bado si chokaa iliyolala. Ndani yake hubaki punje zilizoiva kupita kiasi motoni, ngumu, zenye kiburi, ambazo hazinywi maji siku ya kwanza wala wiki ya kwanza. Zinahitaji miezi mitatu chini ya maji ili zilegee. Ukizipeleka ukutani kabla ya hapo, zitakunywa unyevu wa ukuta kidogo kidogo, zitavimba, na kila moja itaisukuma lipu iliyo mbele yake mpaka iruke. Kwa hiyo kila pipa lilifungwa utepe wa shuka kuukuu, na mwezi ulipotimia dada alipiga fundo kwenye utepe. Mafundo matatu, pipa linafunguliwa. Hata yakitimia hakuyaamini peke yake. Alichota kidogo, akapaka upande wa ndani wa kifundo cha mkono, mahali ambapo ngozi ni laini, akasugua polepole huku amefumba macho. Punje moja ikimkwaruza, pipa linafunikwa tena. Ndivyo baba yao alivyopima.

Timazi yeye alipima kwa ncha za vidole. Aliona kufumba macho ni mambo ya wapishi.

Aliyeifungulia chokaa ile mlango wa mjini alikuwa matroni wa kituo cha afya, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumbishia. Wodi yake ya wazazi ilikuwa ikitoa jasho. Kila mvua zilipokuja ukungu mweusi ulipanda nyuma ya vitanda, na wanawake walilala na vichanga vyao wakiuvuta. Walikuwa wameshaipaka rangi mara nne. Siku moja matroni alikwenda mwenyewe kwa Mama Maganda, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa lipu ile na kukiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayepima homa.

"Huu haulii," alisema.

"Haulii, matroni."

"Nataka wodi yangu iwe hivi."

Mhandisi wa wilaya alikubali kwa shingo upande. Ifanywe wodi moja ya majaribio. Atakuja kuikagua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kisha atakuja tena baada ya miezi miwili. Akikuta lipu imeshika, ataandika barua ya kuiruhusu katika vituo vyote vya afya na nyumba za walimu. Akikuta haikushika, ataandika barua vilevile.

"Mimi ni mtu wa barua, mama," alimwambia. "Naandika moja tu. Upande gani, ukuta ndio utakaoniambia."

Miaka kumi na moja Mama Maganda alikuwa akiingoja barua hiyo bila kujua kwamba ndiyo anayoingoja. Hakuwa na tamaa ya makubwa. Alichotaka ni mtu mmoja mwenye muhuri aseme kwamba kile alichokuwa akikitwanga kila asubuhi, kikimpa kikohozi na jina la utani, hakikuwa taka. Timazi alilijua hilo. Alimwona akipiga pasi gauni lake zuri ili tu aende kupima mapana ya kuta.

Kuta zilikuwa nne. Dada alikuwa na mapipa mawili yenye mafundo matatu. Alipiga hesabu, akaona yatatosha kwa kujibana. Wanawake wakahamishiwa kwenye korido, na Timazi akaanza kazi. Siku ya tisa, kuta tatu zikiwa zimekwisha, simu ilitoka mji wa mbali: binti wa dada ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake, na mumewe yuko safarini. Dada alitumbukiza nguo mbili tatu kwenye mfuko.

"Nenda, dada. Mimi nipo."

"Najua upo. Sikiliza. Chokaa ikikupungukia kwenye ukuta wa mwisho, simama."

"Ijumaa mhandisi anakuja."

"Akute ukuta mmoja mtupu. Kwani hajawahi kuona ukuta mtupu?"

"Sawa, dada."

"Usiniitikie sawa kama unavyomwitikia mke wako."

Akacheka, akapanda basi, akaondoka.

Chokaa ilimpungukia Jumatano. Ukuta wa mwisho, ule wa nyuma ya vitanda, ulikuwa mlafi kuliko walivyodhani. Matofali yake ya zamani yalikuwa yameliwa na unyevu, na kila shimo lilidai ujazo wake. Kilichobaki kilimfikisha usawa wa kiuno. Alimpigia dada simu mara tatu, hakupatikana. Matroni akaja kusimama mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi, wanawake wangu wamelala korido siku kumi."

"Nimebakiza nusu ukuta, matroni."

"Na keshokutwa mhandisi yuko hapa. Akikuta nusu, ataandika nusu barua?"

Hakuwa akimdhihaki. Alikuwa amechoka tu, na nyuma yake, koridoni, mtoto wa siku mbili alikuwa akilia kwenye upepo.

Timazi alirudi uani kwa dada yake. Mapipa mawili yalikuwa yamekwisha. Manne yaliyobaki yalikuwa na fundo moja moja. Alifunua moja, akachota, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Laini kama siagi. Akasugua tena, maana alitaka kuwa mkweli. Siagi. Aliliangalia fundo, akaviangalia vidole vyake, akaviamini vidole. Mtu aliyeshika mwiko miaka thelathini, alijiambia, leo aje kufundishwa na kipande cha shuka? Dada ana uoga wa wapishi. Wapishi siku zote wanahisi chakula hakijaiva.

Asichokijua ni kwamba vidole vile vilikuwa vimekufa. Saruji ilikuwa imevila mwaka baada ya mwaka, ikakausha ngozi, ikaipasua, ikaifunga tena, mpaka ncha zikawa ngumu kama kwato. Alikuwa akiinua sufuria za moto jikoni bila kitambaa, mkewe akishangaa, naye akijibu kwamba ni mazoea. Kwa vidole vile hata mchanga wa mtoni ungekuwa siagi.

Ijumaa mhandisi alikuta kuta nne. Alipitisha kiganja juu yake, akagongagonga kwa ufunguo wa gari huku na huku, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fundi," alisema, "taka zimevaa suti."

Alisema hivyo kwa wema. Matroni akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Jioni yake simu ya dada ikapatikana. Mjukuu ni wa kike, mdogo kama mkate, lakini analia vizuri.

"Na ukuta?" aliuliza.

"Umekwisha."

"Chokaa ilitosha?"

Timazi alikusudia kumweleza uso kwa uso, wakiwa wamekaa, ukuta mzima mbele yao ukiwa ushahidi wake.

"Ilitosha, dada."

Wiki ya tatu mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alisikia tak, mlio mdogo kama wa ukucha. Akaona kipande cha lipu, mduara kama sarafu, kimeanguka kwenye shuka. Ukutani palibaki kishimo chenye umbo la faneli, na ndani kabisa ya kishimo, nukta moja nyeupe. Kesho yake vilianguka viwili. Keshokutwa vitano. Ukuta wa nyuma ya vitanda, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, ulianza kutoka madoa kama mtoto mwenye surua. Kipande kimoja kikadondoka kwenye paji la uso la kichanga kilicholala. Hakikumuumiza, lakini mama yake alipiga kelele iliyosikika mpaka kwenye duka la dawa, na matroni akaamuru vitanda vyote visogezwe katikati ya chumba, mbali na kuta.

Timazi alikwenda kila siku. Kwa ncha ya msumari alichokonoa kila nukta nyeupe, akaziba kishimo, akasawazisha, akafuta. Akiziba vitano, kulia kwake vinatoka sita. Alijua, na kila saa iliyopita alijua zaidi, kwamba hapakuwa na la kufanya. Punje zilikuwa mle ndani, mamia, na kila moja ilikuwa na siku yake. Huwezi kuziita zitoke. Huwezi kuzizuia. Huwezi hata kujua iko wapi mpaka imeshajitangaza. Mchana mwingine aliacha kuziba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, mwiko juu ya magoti, akausikiliza ukuta alioupiga lipu kwa mikono yake mwenyewe ukimtemea. Wanawake walimhurumia, wakashusha sauti zao, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa.

Dada alirudi wiki ya sita. Kutoka stendi hakupitia nyumbani. Aliingia wodini na mfuko wake begani, akawasalimu wazazi mmoja mmoja, akauliza habari za watoto. Kisha akaenda kwenye ukuta, akachokonoa nukta moja kwa ukucha, akaipaka ndani ya kifundo cha mkono, akafumba macho.

"Fundo moja," alisema.

"Dada."

"Nyoosha mkono."

Alinyoosha. Dada alichomoa pini kwenye kilemba chake.

"Angalia dirishani."

Akaangalia dirishani. Nje, mfanyakazi wa usafi alikuwa akianika mashuka. Timazi aliyahesabu yakafika manane.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

Aligeuka. Kwenye ncha za vidole vyake vitatu palikuwa na matone matatu madogo ya damu, yamepangana vizuri. Dada alirudisha pini kwenye kilemba. Ilimchukua muda kuipata nafasi yake.

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Ni mimi niliyepaswa kujua," dada alisema. "Mimi ndiye niliyekulea."

Timazi angefurahi kama dada angempiga. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kimya. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Kesho yake, kabla mhandisi hajaja kukagua mara ya pili, Timazi alimfuata ofisini. Feni ilikuwa ikizunguka bila kutoa upepo, na mafaili yalikuwa yamepangwa sakafuni kama matofali yanayongoja mwashi. Timazi alikataa kiti. Alieleza yote, mapipa, utepe, mafundo, siagi. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ningekuwa na dada wa namna hiyo, fundi, na mimi ningekuja kusema kosa ni langu."

"Sisemi uongo, mzee. Chukua pini, choma hapa uone."

Akaweka mkono wake mezani juu ya karatasi. Mhandisi aliutazama mkono ule. Hakuucheka.

"Haya, nakuamini. Tuseme nakuamini. Kuta tatu na nusu zimeshika, nusu imekataa, na sababu ni vidole vyako. Nikiruhusu, kituo cha pili atafanya fundi gani? Na vidole vyake nani atavichoma pini? Nikipitisha leo, sijapitisha chokaa. Nimepitisha kifundo cha mkono wa dada yako. Nitakipata wapi kingine?"

Kama mtu yule angekuwa mkorofi Timazi angejua la kumwambia. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Basi andika kwamba ni mimi."

"Barua hii haina mahali pa kuandika mtu, ndugu yangu. Ina mahali pa kuandika malighafi."

Barua ilitoka baada ya siku kumi. Ilikataza vifaa vya ujenzi vinavyotokana na mabaki ya vyakula katika majengo yote ya umma, na ikaagiza lipu ya wodi ibanduliwe, kuta zote nne. Wachoma matofali walimwita Mama Maganda pembeni, wakiwa na aibu. Walimwambia wanampenda, lakini matofali yao yananunuliwa na serikali na hawataki maneno. Wenye mikate hawakumwita. Walianza tu kufunga mifuko yao ya taka kwa kamba.

Kazi ya kubandua alipewa Timazi, kwa kuwa ndiye aliyebandika. Sehemu mbovu ya ukuta wa nyuma ya vitanda ilitoka kwa nusu siku. Iliyobaki ilikataa. Alipiga nyundo, tindo ikarudi. Alipiga tena, ikamrudia mpaka begani. Lipu ile ilijibu kama jiwe. Mtu aliyepita nje akisikia mlio ule angedhani kuna jengo zuri linajengwa.

Mchana dada alifika mlangoni. Timazi alifikiri amekuja kumsimamisha, na mkono wake ukashuka wenyewe. Dada alimtazama, akautazama ukuta.

"Usianzie katikati, mdogo wangu, utaivunja mikono yako. Anzia ukingo wa dirisha. Ingiza tindo kwa chini, utaona itakavyokuja."

"Dada, nenda nyumbani."

"Kati yetu nani anajua ilivyokaa? Anzia dirishani."

Akaanzia dirishani. Ilitoka vipande vipana, kama alivyosema, na kila kipande kilipogusana na kingine kililia kama kigae. Dada alikinga karai ili visipasue sakafu. Walifanya hivyo siku tatu, yeye akipiga, dada akikinga, matroni akipita mlangoni bila kuingia. Siku ya tatu Timazi aliweka nyundo chini.

"Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe juzi. Pokea karai, limejaa."

Alilipokea. Alikuwa ameamini kwamba msamaha ukija kitu fulani kitasogea, angalau ndani yake. Karai lilikuwa zito vilevile.

Wodi ikapigwa lipu ya saruji. Mvua za kwanza zilipokuja ukungu ulirudi nyuma ya vitanda, taratibu, kama mwenyeji anayeijua njia. Matroni aliagiza rangi kwa mara ya tano. Alipokutana na Timazi sokoni alimsalimu vizuri, akamuulizia mke na watoto, na wote wawili wakahakikisha mazungumzo hayafiki ukutani.

Mama Maganda alitwanga mwezi mmoja zaidi, maganda ya jikoni kwake mwenyewe, konzi moja au mbili kwa asubuhi. Hakuwa na mahali pa kuyachoma. Siku moja ya Alhamisi lile pipa lililopungua na yale matatu mazima yalitimiza mafundo matatu. Alipiga fundo la mwisho kwenye kila utepe, akafunua, akapima, pipa moja baada ya jingine, macho amefumba. Kisha akamwita mdogo wake kupitia dirisha.

"Yote yamelala vizuri," alimwambia. "Hakuna hata punje moja."

"Tuyafanyie nini?"

"Nisaidie kuyapindua."

Timazi alisema wayaache. Alisema labda kuna mtu atakayetaka kupiga lipu nyumba yake binafsi, barua haikatazi nyumba za watu. Dada akamuuliza ni nani huyo, amtaje, waende kwake sasa hivi. Timazi alipitisha kichwani mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, wale waliotania na wale waliosifia. Wote walikuwa wamesikia habari za kichanga na kipande cha lipu, na katika masimulizi yao kipande kile kilikuwa kimeshakua kama tofali. Akashika ukingo wa pipa la kwanza.

Waliyapindua kwenye shimo la nyuma. Chokaa haikumwagika kama maji. Ilikwenda polepole, nyeupe, nzito, ikikunjana kama maziwa ya mgando, na ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuiona. Timazi alichota kidogo akapaka ndani ya kifundo cha mkono wake, pale dada anapopimia, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza alihisi ile iliyolala ilivyo. Haikuwa siagi. Alitaka kumwambia dada, lakini dada alikuwa ameshaanza kuosha mapipa.

Mwezi uliofuata binti wa dada alirudi kazini akakosa mtu wa kumwachia mtoto. Alipiga simu, na dada akasema atakwenda kwa wiki tatu. Alipanga vyungu vyake, akafunika kinu kwa gunia, akampa Timazi ufunguo wa nyuma. Wiki tatu zikawa miezi mitatu. Kila Timazi akimuuliza tarehe ya kurudi, dada anamuulizia hali ya mke wake.

Sasa anaishi kwa binti yake, siku mbili kwa basi. Asubuhi anamlea mjukuu, na alasiri, binti akishatoka kazini, Jumatatu hadi Jumamosi, anafanya usafi kwenye jengo la ofisi za bima, ghorofa ya tatu na ya nne.